MALI YA BABA NI CHEREHANI AU NI JINA?

Tulipomaliza darasa la kisomo, wengi wetu tulitafuta kitu cha kusoma nje ya kitabu cha darasani. Magazeti yalikuwa machache. Vitabu vilikuwa vichache zaidi. Lakini kanga zilikuwa nyingi. Basi tukaanza kusoma kanga. Sokoni tulisoma kanga, kisimani tulisoma kanga, hata msibani macho yalikwenda kwenye kanga za watu.

Kila kanga ina pindo, ina mji, tena ina jina. Pindo ni ule mpaka unaozunguka kitambaa. Mji ni katikati. Jina ni yale maneno yaliyoandikwa chini, methali au fumbo. Lakini ukiangalia vizuri, kanga nyingine ina maandishi mengine madogo pembeni. Siku moja mwenzetu alisoma polepole: "K.H.E. Mali ya Abdulla." Akashangaa. Akasema, "Lo! Kanga nimenunua mimi kwa hela yangu ya pamba. Huyu Abdulla ni nani anayedai ni mali yake?"

Tulicheka. Lakini swali lile lilikuwa zuri. Leo tutalijibu. Tena tutaona kwamba jibu lake linatuhusu sisi wa Kibara, hasa wale wenye cherehani barazani.

DUKA LA MOMBASA

Abdulla alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa, Kenya. Jina lake kamili ni Kaderdina Hajee Essak. Ndiyo maana ya zile herufi K.H.E. Watu walimwita Abdulla. Duka lake la nguo lilianzishwa mwaka 1887. Hebu tukumbuke, mwaka ule reli ya Mombasa ilikuwa haijajengwa. Hata mji wa Nairobi haukuwepo.

Abdulla si yeye aliyeanzisha kanga. Kanga ilianza kwa akina mama wa pwani. Inaelezwa kwamba katikati ya karne ya 19, wanawake wa Zanzibar walinunua leso zilizokuwa zinauzwa kwa mkato mmoja mrefu. Walikata vipande sita, wakashona vitatu chini na vitatu juu. Wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona akina mama wanapenda, wakaagiza nguo pana iliyochapwa nzima, bila kuungwa. Si mnaona? Mteja alitangulia, mwenye duka akamfuata.

Halafu Abdulla naye akaongeza la kwake. Inasemekana ni yeye aliyeanzisha desturi ya kuweka maneno kwenye kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu watu wa pwani walisoma kwa herufi hizo. Baadaye, watu wengi walipojifunza herufi hizi tunazotumia sisi, maneno ya kanga nayo yakahamia humo.

Mzee yule alifariki zamani sana. Duka lilibaki mikononi mwa ukoo wake, likapita kwa watoto, likapita kwa wajukuu. Limevuka miaka 130 katika Mtaa wa Biashara, Mombasa. Vita Kuu mbili zimepita, wakoloni wamekuja na wameondoka, fedha zimebadilika. Jina la Mali ya Abdulla limebaki.

NINI KILIBADILIKA, NINI HAKIKUBADILIKA?

Tusidhani ukoo ule ulikaa tu ukala jina la babu. Kama wangeuza zile zile kanga za mwaka 1900, leo nani angezinunua? Walibadilika.

Herufi zilibadilika, kama tulivyosema. Rangi zilibadilika. Maneno yalibadilika kufuata mambo ya wakati. Hata mahali pa kuchapa palibadilika. Kwa miaka mingi kanga za Afrika Mashariki zilichapwa ng'ambo, kama vile Japani na India. Baadaye viwanda vya kwetu vikaanza. Hapa Tanzania, kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam na kile cha Mwatex cha Mwanza vyote vilianza mwaka 1968. Pamba yetu ya kanda ya Ziwa ikaanza kurudi kwetu ikiwa nguo.

Na ni nini hakikubadilika? Jina. Mama aliyesoma "Mali ya Abdulla" alijua anachonunua. Yale maneno madogo pembeni yalikuwa kama ahadi.

Sasa tumpe jibu yule mwenzetu. Kanga ni yako wewe uliyenunua. Jina lililoandikwa pembeni ndilo mali ya Abdulla, nalo ndilo wanawe walilorithi. Nguo zote alizokuwa nazo Abdulla dukani ziliuzwa na zikachakaa zamani, lakini jina halikuchakaa, kwa sababu kila kizazi kililishona upya.

MFANO WA KARIBU: MUSOMA

Labda msomaji atasema, "Mombasa ni mbali. Hao ni watu wa pwani." Haya, tuje Musoma.

Wengi wetu tunakijua kiwanda cha nguo cha Musoma, kile tulichokiita Mutex. Kilijengwa na Serikali ili pamba ya Mara isokotwe na kufumwa hapa hapa. Baadaye viwanda vingi vya nguo vya Serikali vilipata shida na vikauzwa. Kiwanda cha Musoma kikaingia katika kampuni ya METL.

Kampuni ile nayo ni ya baba na mwana. Mzee Gulamabbas Dewji aliianzisha katika miaka ya 1970. Ilikuwa kazi ya kununua na kuuza bidhaa. Mwanawe Mohammed, aliyezaliwa Singida mwaka 1975, alikwenda kusoma Marekani, kisha akarudi nyumbani. Baada ya kurudi, kampuni haikubaki kwenye kununua na kuuza tu. Ilinunua viwanda vilivyokuwa vya Serikali, pamoja na viwanda vya nguo vya Morogoro na Musoma. Mwana hakuitupa kazi ya baba, lakini hakuishia pale alipoishia baba.

Hatusemi kila mtu atakuwa tajiri wa viwanda. Tunasema kanuni ni ile ile, kwa mwenye kiwanda na kwa mwenye cherehani moja. Tujiulize basi: cherehani zetu za Kibara zinarithiwaje?

FUNDI ALIYEKUFA NA DAFTARI KICHWANI

Hebu tuchukue mfano. Huyu si mtu fulani, ila kila mmoja wetu atamfahamu.

Alikuwepo fundi mmoja. Cherehani yake ilikaa barazani karibu na soko kwa miaka thelathini. Msimu wa pamba watu walipolipwa, walipanga mstari kwake. Wavuvi wa mwaloni walishonewa hapo, watoto wa shule walishonewa sare hapo. Alikuwa na wana wawili wa kiume na binti mmoja. Kijana wa kwanza alikwenda Mwanza kutafuta maisha. Wa pili alikuwa mvuvi. Binti ndiye aliyeshinda na baba yake barazani, akikata nyuzi, akitoboa matundu ya vifungo, akipiga pasi ya mkaa.

Fundi hakuandika kitu. Vipimo vya wateja vilikuwa kichwani. Nani amelipa, nani anadaiwa, vyote kichwani. Alikuwa akisema, "Mimi sisahau." Na kweli, hakusahau hata mara moja. Ila siku moja aliumwa ghafla, na siku ya tatu akafariki.

Matanga hayajaisha, watu wakaanza kuja. Mmoja akasema, "Mama, poleni sana. Ila kitenge changu kiko hapa, nilishalipa nusu." Mwingine akasema, "Mimi nililipa yote." Mjane angejuaje nani mkweli? Alilipa wengine kwa kuuza mbuzi.

Halafu ukoo ukakaa. Baba mdogo akasema, "Cherehani ni ya kaka yangu. Itakaa kwangu." Binti akasema kwa adabu, "Baba mdogo, mimi ndiye ninayejua kuitumia." Akajibiwa, "Wewe utaolewa. Mali ya ukoo haiwezi kwenda kwa watu." Cherehani ikachukuliwa. Ikawekwa ndani, ikawekewa sufuria juu yake. Panya wakatafuna mkanda, kutu ikaingia. Sasa si ya ukoo wala si ya mtu. Ni chuma tu.

Ndugu wasomaji, familia ile ilipoteza nini? Wengi watasema cherehani. Sisi tunasema hapana. Cherehani hununuliwa. Walipoteza wateja wa miaka thelathini, walipoteza ujuzi wa binti, na jina la fundi likageuka kuwa jina la madeni.

FUNDI ALIYEANZA MAPEMA

Sasa tutazame fundi mwingine, naye ni wa mfano. Yeye alikuwa mkaidi pia. Tangu zamani alishona sare za shule na suruali za wazee. Aliona shida ya nguo ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata kitambaa chenyewe kilipokuwa adimu. Aliona mitumba ilivyoingia kwa wingi baada ya biashara kulegezwa kuanzia mwaka 1984. Wenzake wengi walifunga cherehani zao. Yeye alisalimika kwa sababu alikubali kupunguza na kurekebisha mitumba ya watu. Kumbe hata yeye aliwahi kubadilika! Lakini mtu akishazeeka husahau kwamba naye alikuwa kijana.

Binti yake alipoanza kushona magauni ya vitenge ya mishono mipya, mzee alikasirika. "Hiyo ni nguo gani? Bega moja liko wapi?"

Binti akasema, "Baba, ndivyo wanavyotaka."

"Mimi nimeanza kushona wewe hujazaliwa!"

"Ni kweli baba, shikamoo yako iko pale pale. Lakini mteja aliyetaka marinda jana, leo amekwenda Bunda mjini kushonewa mshono huu. Hela ya nauli anayo, na hela ya fundi wa Bunda anayo."

Mzee akanyamaza. Mama ndiye aliyemaliza maneno. Alisema, "Baba yenu ashone sare, maana hakuna anayemshinda. Binti ashone magauni. Kila kitu kiandikwe. Mwisho wa mwezi tuhesabu, daftari ndilo litakaloamua."

Wakafanya hivyo. Hesabu yao ya mwezi wa kwanza ilikuwa hivi (bei ni za mfano):

Sare 10, kila moja shilingi 6,000: shilingi 60,000
Magauni 8, kila moja shilingi 12,000: shilingi 96,000
Jumla: shilingi 156,000
Uzi, zipu, vifungo, mkaa na mafuta ya cherehani: shilingi 36,000
Baki: shilingi 120,000

Ile baki waligawa mafungu matatu ya shilingi 40,000. Fungu moja la matumizi ya nyumbani. Fungu moja la malipo ya baba na binti. Fungu la tatu la kununua cherehani ya pili.

Mzee alitazama daftari kwa muda mrefu. Aliona magauni manane yameleta fedha nyingi kuliko sare kumi. Lakini binti naye aliona kitu. Wale wateja wa magauni walianza kuja kwa sababu walimfahamu baba yake. Walisema, "Tunakwenda kwa Fundi." Hawakuwa wamejua jina la binti. Basi kila mmoja alimhitaji mwenzake. Mzee alileta jina, binti alileta mshono.

TUFANYEJE?

Kutokana na mifano hii tunapata mambo manne.

1. Mrithi wa kazi ni yule anayeijua na kuipenda. Awe wa kiume au wa kike. Mali nyingine inaweza kugawanywa kwa wote, lakini kazi haiwezi kufanywa na asiyeijua. Na wale wanaosema binti ataolewa, tuwaulize: kijana aliyekwenda mjini asirudi, yeye hakwenda kwa watu?

2. Anza kukabidhi ukiwa hai. Mpe mwanao sehemu ya kazi aisimamie mwenyewe. Akikosea, upo wa kumrekebisha. Ukisubiri siku ya kufa, nani atamrekebisha?

3. Andika. Kila fundi awe na daftari lenye jina la mteja, vipimo, kitambaa alicholeta, siku ya kuchukua, alicholipa na anachodaiwa. Daftari likiwepo, hata fundi asipokuwepo, duka linaweza kusema ukweli.

4. Linda jina, badili mshono. Ukiahidi nguo Ijumaa, iwe Ijumaa. Kitambaa kilichobaki, mrudishie mwenyewe. Hilo ndilo jina. Lakini usiogope mshono mpya.

WOSIA: KALAMU INA NGUVU

Jambo la mwisho ni zito kidogo, tusome polepole.

Watu wengi hapa kwetu huogopa wosia. Husema, "Ukiandika wosia unaita kifo." Sivyo. Kifo kinajua njia hata bila kuitwa. Wosia ni kusema ukiwa hai nani achukue nini.

Sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963, ambayo hutumika katika makabila mengi ya Tanzania, ilimweka binti nyuma katika urithi. Mjane naye hakupewa fungu lake mwenyewe katika mali ya mumewe, aliachwa atunzwe na watoto wake. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kuilalamikia sheria hiyo. Mwaka 2006 Mahakama ilikubali kuwa ina ubaguzi, lakini haikuifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikasema wajane wale walionewa na sheria ibadilishwe. Kwa hiyo mwenye cherehani anayetaka binti yake au mkewe aendelee na kazi, asitegemee huruma ya kikao cha matanga. Aandike.

Katika wosia wa mila kuna jambo litakalotufurahisha sisi tuliopita darasa la kisomo. Wosia wa maandishi huhitaji mashahidi wanaojua kusoma na kuandika. Kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui, wasipungue wanne. Mnaona? Kujua kusoma kwako kumehesabiwa! Andika kwa wino, si kwa penseli. Weka tarehe. Weka sahihi yako, na mashahidi waweke zao. Mrithi asiwe shahidi. Ukiogopa kupotea, wosia unaweza kutunzwa na RITA, ofisi ya Serikali inayoshughulika na vizazi, vifo na mirathi. Waislamu wanaofuata sheria ya dini wana utaratibu wao: wosia hauzidi theluthi moja ya mali, na warithi wana mafungu yao yaliyowekwa. Wamwulize shehe.

Mtu akishafariki, ukoo hukaa na kupendekeza msimamizi wa mirathi, naye huthibitishwa na Mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi si mrithi wa kila kitu. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa wanaohusika. Baba mdogo anayechukua cherehani siku ya matanga bila utaratibu huo hajasimamia mirathi. Amechukua tu.

MWISHO

Ndugu wasomaji, kanga ya Abdulla imesafiri kutoka herufi za Kiarabu hadi herufi zetu, na jina liko pembeni pale pale. Je, barazani kwako kuna jina gani? Na nani atalishona upya wewe ukipumzika?

Leo jioni mwite mwanao. Mpe mkasi akate kitambaa mbele yako. Halafu fungueni daftari, muandike pamoja jina la mteja wa kwanza.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kurithi: kupata mali au kazi iliyoachwa na marehemu.
Wosia: maneno ya mtu kuhusu mali yake yatakayofuatwa akifa.
Msimamizi wa mirathi: mtu aliyethibitishwa na Mahakama kukusanya na kugawa mali ya marehemu.
Mtu baki: mtu asiye wa ukoo wako.
Mshono: namna au mtindo wa nguo ilivyoshonwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Duka la Abdulla lilianzishwa mwaka gani? Hadi mwaka huu lina umri wa miaka mingapi?
2. Taja mambo mawili yaliyobadilika katika kanga, na moja ambalo halikubadilika.
3. Yule fundi wa kwanza alikosa nini, na mjane wake aliumiaje?
4. Fungu la cherehani ya pili lilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Kama cherehani ni shilingi 320,000, watanunua baada ya miezi mingapi?
5. Kikundi kigawanyike pande mbili. Upande mmoja utetee maneno ya baba mdogo, mwingine utetee binti. Mwisho mseme mmekubaliana nini.